Winchi Tuliyouziwa na Mama Spea

Nilikuwa nimeinua mikono yote miwili juu, vidole wazi, na bado winchi ilikuwa inamvuta kaka yangu kwenye tope.

Rimoti ilikuwa juu ya boneti. Hakuna aliyeigusa. Nawaapia.

Najua mtasema hizi ni stori za vijiweni. Hata mimi ningezisoma mahali ningecheka nikapita zangu. Lakini mkono wa kaka yangu mpaka leo haukunji ngumi vizuri, kwa hiyo tulieni niwasimulie.

Mimi na kaka tuna gari, jipu. Limezeeka, lakini lina roho ya paka. Kazi yetu ni kunasua magari. Mvua zikianza, barabara ya milimani inageuka uji, pikapu na malori yanazama, na simu yetu inaanza kuita. Mimi ni dereva. Yeye ndiye anashuka kwenye tope kwenda kufunga waya. Watu wanamwita Injinia, ingawa darasa la ufundi aliliona kwa nje tu.

Winchi yetu ya zamani, ile mashine ya mbele ya gari inayokunja waya na kuvuta, ikafa mvua ndiyo zinaanza. Wifi yangu, mke wa kaka, tumbo lilikuwa juu juu, ni wa kujifungua wakati wowote. Aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Wifi, mimi mambo ya vyuma siyajui. Na huyu kaka yako ana kichwa kigumu. Kachagueni kitu cha maana. Nataka mwanangu azaliwe amkute baba yake mzima."

"Atamkuta," nikamwambia. "Usukani nimeshika mimi."

Tukaenda kwa Mama Spea, muuza vipuri. Lile duka ni la kupenya ubavu ubavu: vioo vya taa mpaka darini, mikanda ya feni inaning'inia, harufu ya grisi inakukaba koo. Winchi zilikuwa zimepangwa sakafuni.

Tukaanza kubishana, kawaida yetu.

"Tuchukue hii mpya," nikasema. "Ina kamba laini badala ya waya wa chuma. Nyepesi, na ikikatika haikurukii ikakuchana uso."

"Hiyo si kamba ya kuanikia nguo? Wewe unapima uzito wa gari, unaongeza nusu yake, ndipo unaanza kuchagua. Hiyo yako ikavute baiskeli."

"Na maji yakiingia ndani je? Sisi kazi yetu mitoni huko."

"We mtoto una mdomo!"

Mama Spea alikuwa anatutazama muda wote. Mwanamke mnene, mpole, sauti ya chini. Akasema, "Nina moja ambayo sijaiweka nje."

Akaitoa chini ya meza. Kubwa, nyeusi, imefungwa kwenye shuka safi. Shuka, jamani! Nani anafunga winchi kwenye shuka?

Injinia akaipenda palepale. Macho yalimtoka kama kaona mchumba. Tukaiunga kwenye betri, tukaijaribu hapo dukani, sakafuni pakavu. Ikavuta tairi la lori bila hata kukohoa.

Bei ikawa ya kutupa. Machale yakanicheza.

"Mama, mbona rahisi hivyo? Ina kasoro gani?"

"Mafundi wote wanasema nzima." Akanishika mkono, akaubana. "Ikifanya chochote cha ajabu, chochote kile, irudishe, nakupa hela yako yote. Ila uje mwenyewe uniambie ilifanya nini. Umenisikia, mwanangu?"

Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nilipotoka nikajipangusa kwenye suruali bila hata kufikiri.

"Kaka, mimi hiki kitu sikipendi."

"Hukipendi kwa sababu nimekichagua mimi."



Tukaifunga mbele ya jipu. Ule waya mnene wa kutoka kwenye winchi kwenda kwenye betri, Injinia aliukaza juu juu tu. Nikamwambia kaza vizuri. Akasema ataukaza kesho. Kesho yake akasahau, nikamgombeza, akanicheka, yakaisha.

Siku za mwanzo ilifanya kazi safi. Jua lilikuwa limerudi kidogo, njia zimekauka. Injinia akawa anatamba, "Si unaona?" 

Halafu mvua ikashuka, mvua ya kweli.

Tukaitwa mtoni, kulikuwa na pikapu ya mzee mmoja muuza kabichi imezama mpaka milango. Mchana lakini mawingu yameinama, giza giza. Maji yalikuwa yanaruka mpaka kwenye bampa letu. Injinia akashika ndoano ya winchi, akajizungushia mkanda wa ndoano mkononi isimponyoke, akaanza kwenda kwenye pikapu. Mimi niko nje, pembeni ya jipu, namwachia waya kwa rimoti, taratibu.

"Basi! Unatosha!"

Nikaachia kitufe. Nikaweka rimoti juu ya boneti nijifute maji usoni.

Winchi ikanguruma.

Nikadhani ni radi. Halafu nikaona waya unanyooka. Nikamwona kaka yangu anageuzwa, anaanguka, anaanza kuja kwangu kifudifudi.

"Acha! Acha, wewe!"

"Sijashika kitu! Ona! Sijashika!"

Ndiyo hapo nilipoinua mikono. Upumbavu mtupu. Mtu anaburutwa, mimi namwonyesha viganja. Yule mzee wa kabichi alikuwa juu ya pikapu yake anamwita Mungu kwa sauti.

Nikaichomoa rimoti kabisa, nikaitupa. Winchi haikujali. Ikaendelea kukunja, tena kwa utulivu, kama mtu anayejua anachofanya. Mkanda umemkaza Injinia kifundo cha mkono, hawezi kuchomoa mkono. Anakuja. Anakunywa tope, anakuja. Na akilini namwona wifi amesimama jikoni.

Nikafungua boneti. Spana sikuwa nayo, ilikuwa nyuma ya gari. Nikaushika ule waya wa betri kwa mkono mtupu, nikauvuta kwa nguvu zangu zote.

Ukatoka. Cheche zikanilamba vidole, nikapiga yowe, na winchi ikazima.

Ule waya ambao kaka alikataa kuukaza! Ungekuwa umekazwa, leo ningekuwa namsimulia marehemu.

Kiganja chake kilikuwa shibiri moja kutoka kwenye rola inayopitisha waya. Kifundo kimevunjika, ngozi imechunika. Akanitazama, tope mpaka kwenye meno.

"Hukubonyeza?"

"Sikubonyeza, kaka."

"Nakuamini," akasema, akazimia.

Hospitali walimfunga plasta. Wifi alikuja na tumbo lake, akaniangalia tu. Bora angenitukana.

Kesho yake nikaifungua ile winchi, nikaibeba mpaka kwa Mama Spea, nikaibwaga juu ya kaunta. Vioo vikatetemeka.

"Chukua mzigo wako!"

Hakuuliza habari ya hela. Alisimama.

"Ilifanya nini?"

"Ilivuta yenyewe! Kaka yangu yuko hospitali!"

"Rimoti ilikuwa mkononi kwako?"

"Juu ya boneti! Nikaichomoa, bado ikavuta!"

"Apa."

"Naapa kwa mtoto wa kaka yangu ambaye hajazaliwa."

Mama Spea akakaa chini, sakafuni, katikati ya vyuma vyake.

Ndipo akaniambia. Ile winchi ilikuwa ya mumewe. Mumewe alikuwa anafunga ndoano, mvua inanyesha, mtoto wao ameshika rimoti. Winchi ikavuta. Baba akafa palepale. Mtoto akalia miaka yote, "Mama, nilikuwa nimeshaachia." Mafundi wakaipima, nzima. Ukoo mzima ukasema kijana alimuua baba yake kwa uzembe, wengine wakasema si uzembe, ni makusudi.

"Na wewe ulisemaje?"

"Mimi nilitaka kujua."

"Kwa hiyo ukawa unaiuza?"

"Wewe ni wa tatu. Wawili wa kwanza waliniuzia tena walipomaliza kazi, wakasema haina tatizo. Nikazidi kumchukia mwanangu."

 Yule mwanamke alikuwa anapima ukweli wa mwanawe kwa mikono ya watu wengine, na safari hii ulikuwa mkono wa kaka yangu. Hasira ilinipanda.

Nikamwita fundi umeme wa duka la jirani, akaja akakifungua kisanduku cha umeme cha winchi. Chini kilikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Pakavu huwezi kugundua kitu. Maji yakiingia, umeme unajipitia wenyewe bila ruhusa ya mtu.

Mama Spea akaita kuelekea uani. Akatoka mwanaume mwenye ndevu, glovu za kuchomelea mkononi. Ndiye huyo mwanawe. Miaka yote anafanya kazi uani kwa mama yake, nilikuja kuambiwa baadaye, na hawali meza moja.

"Mwambie," mama akaniambia. "Mwambie ulichoniambia."

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Kaka yako anaendeleaje?"

Alikuwa mtu wa kwanza mle dukani kuniuliza.

"Mkono umevunjika, ila yupo."

"Pole sana, dada."

Mama yake akamshika shati. "Mwanangu, nisamehe. Sasa nakuamini."

"Hapana, mama. Sasa umehakikisha." Akavua glovu, akaziweka juu ya winchi. "Kuniamini ulikuwa na nafasi siku ile."

Akatoka mlango wa mbele. Yule mama akamwita mpaka sauti ikakauka. Kijana hakugeuka, na nasikia mpaka leo hajarudi.

Wifi alijifungua salama, mtoto wa kike. Tulinunua winchi mpya, ndogo, yenye kamba laini, na safari hii niliimwagia ndoo nzima ya maji kabla ya kuilipia. Muuzaji alinuna, na mimi sikujali.

Wewe unayesoma hapa: kama nyumbani kwako kuna mtu anarudia maneno yaleyale miaka nenda rudi, na wewe umekaa unasubiri ushahidi, ushahidi unaweza kuja kweli. Ila usidhani ukija, na yeye bado atakuwepo kukusikia ukimwomba msamaha.