Mguu Uliojifunza Maumivu

Binti yangu wa tatu anakaanga kabalagala, vile vitumbua bapa vya ndizi, pale sokoni Kalerwe, Kampala. Mwaka juzi karai lilipinduka, mafuta yote yakamwagikia mguu wake wa kushoto, kuanzia goti hadi vidole. Mimi nilikuwa nyuma yake naponda ndizi. Sikuwahi hata kuinuka.

Hospitalini walisema kidonda kitaoshwa kila baada ya siku mbili, na kwa vile hakuna anayeweza kuvumilia kusuguliwa mahali palipoungua, atachomwa sindano ya ketamini alale. Waliniruhusu niingie kumshika mkono kwa sababu alikataa kuingia peke yake, mwanamke mwenye watoto wanne.

Hapa lazima niseme kazi yangu. Mimi naosha maiti. Kwetu Wanubi, mwanamke akifariki mitaa ya huku naitwa mimi, na jambo la kwanza ninalofanya ni kumfumba macho kabla mwili haujakakamaa.

Hakuna aliyeniambia kwamba mtu wa ketamini analala macho wazi. Dawa iliingia, vidole vyake vikalegea mkononi mwangu, mdomo ukaachama kidogo, na macho yakabaki yananielekea bila kuniona. Mkono wangu ukafanya ulichozoea. Nikapitisha kiganja usoni pake, nikamfumba, nikasema maneno tunayosema. Macho yakafunguka. Nikamfumba tena.

"Banange, Hajati!" alipiga kelele mgonjwa aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake. "Unamzika mtu angali hai?"

Makka sijafika, lakini Kampala ukizeeka na mtandio kichwani watakuita Hajati tu. Nilimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Kabla binti yangu hajapewa chakula cha mchana, wodi nzima ilikuwa inajua.

"Mama, ulinifumba macho?"

Watoto wangu niliwachapa wakisema uongo, nami sikuweza kuusema. Nikamjibu, "Nilikufumba."

"Ulidhani nimekufa?"

"Mimi sikudhani. Mkono ndio ulidhani."

"Wewe unawajua maiti kuliko mtu yeyote hapa. Kama dawa hiyo imekudanganya wewe, basi hiyo si ya usingizi. Sichomwi tena."

Nikamwambia aache ujinga. Neno hilo halikusaidia.

Akaoshwa mara tatu kwa vidonge tu vya maumivu. Mimi alinikataza kuingia. Nilikaa nje na chupa ya chai mapajani, nikisikia. Nimekaa na wanawake wengi waliofiwa, najua la kufanya mtu akilia: unamshika, unamnyamazisha, unampa maji. Pale nilikuwa nimekaa mbele ya mlango uliofungwa, na aliyeufunga alikuwa na haki.

Baada ya mara ya tatu alianza kulia bila kuguswa kidonda. Shuka likimpita juu ya paja, mahali ambapo hapakuungua kabisa, analia. Nikamkemea. "Acha madeko. Shuka lina meno?"

Daktari wa usingizi alinisikia. Ni Mkongo, Kiswahili chake ni cha huko kwao, lakini tunaelewana. Akanitoa nje. "Mama, hayo si madeko," akasema, akachukua boksi la glavu akachora juu yake.

Alisema mshipa wa fahamu unapopeleka habari kwa mwenzake unamwaga kitu kinachoitwa glutameti, na huyo mwenzake ana milango ya kuipokea. Milango mingine inafunguka haraka na kufunga. Mmoja una kizibo. Habari ikija mara moja, kizibo hakitoki. Ikija kwa nguvu, ikaja tena, ikaja tena, kizibo kinatoka, na hapo mshipa unajifunza. Ukishajifunza maumivu, hata mguso mdogo unaufanya upige kelele kubwa. Mlango huo aliuandika NMDA. Ketamini inaingia kwenye tundu lake na kuliziba.

"Basi mlango huo ni mbaya," nikasema. "Muuondoe."

Akacheka. "Tukiuondoa, Mama, hutajifunza kitu. Hata sala zako ulizihifadhi kwa milango hiyo. Hata mkono wako, ule uliofumba macho."

Kumbe naye alikuwa amesikia.

"Nenda basi umwambie hivyo yeye."

"Nimemwambia mara mbili. Anasema nimtume aliyemfumba."

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilisimama kando ya kitanda chake, hata sikujua niweke wapi mikono. "Mwanangu, nilikosea. Wewe ulikuwa hai na mimi sikutazama kifua kama kinapanda. Ukubali sindano."

Akauliza, "Utaingia?"

"Ukitaka."

"Usiingie."

Akakubali. Kuanzia siku ile sikusikia tena sauti yake kutoka chumba kile. Nilimuuliza daktari kama tumewahi kabla mshipa haujajifunza. Akasema hawezi kuniapia, mguu wenyewe ndio utasema.

Ngozi imefunga vizuri, wageni wanasifu. Lakini nguo ikimgusa kuanzia goti kwenda chini anaruka kana kwamba mafuta yamemwagika sasa hivi. Amerudi Kalerwe, anakaanga akiwa na sketi ya magotini. Wazee wa msikitini wananijia: "Hajati, binti yako anatembea mguu wazi, na wewe unamtazama?" Zamani ningekuwa wa kwanza kumchapa. Nawaambia mguu umejifunza. Wananitazama kama niliyeanza kuchanganyikiwa.

Idi iliyopita alitaka kwenda kuswali nasi. Alijifunga gurbaba yake mpya, ile nguo yetu ndefu, akafika mlangoni. Hapo akasimama ameuma midomo, jasho likimtoka. Nikainama nimwinulie pindo.

"Mama, usiguse."

Nikarudisha mikono. Akaketi kizingitini, akaifungua nguo polepole, akaikunja pembeni.

"Tangulia. Utachelewa takbira."

"Nitakaa na wewe."

"Ukae ufanye nini?"

Nikavaa viatu, nikatangulia.