Mkalimani wa Mkataba wa Umeme

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi huko Kirushya, Ngara, na kwa miaka mingi niliamini kwamba hakuna karatasi ya Kiswahili inayoweza kunishinda. Imani hiyo ilinitoka mchana mmoja Nyakanazi, mbele ya ukumbi mzima.

Ilianza siku mtendaji wa kijiji aliponiita ofisini kwake. Laini kubwa ya umeme, ile ya minara ya chuma, ilikuwa ipite katika mashamba yetu. Kampuni ya kuijenga na kuitunza ilikwisha kupatikana, lakini mkataba wake haukuwa na nguvu mpaka uidhinishwe na mamlaka ya udhibiti, na mamlaka ilitaka kwanza kuwasikiliza wananchi. Kikao kingefanyika Nyakanazi, ambako watu wa Ngara na wa Biharamulo wote hufika kwa urahisi.

"Wazee wetu wengi Kiswahili kinawapiga chenga," mtendaji alisema. "Anatakiwa mtu wa kuwatafsiria kwa Kihangaza. Nimekutaja wewe."

Nilijifanya kusita, kama inavyompasa mtu wa heshima, kisha nikakubali kabla hajakumbuka jina la pili.

Nilipewa nakala ya mkataba, nene kama Biblia ya altareni. Nilisoma kurasa nne. Zilizobaki nilizipigia mistari kwa kalamu nyekundu hapa na pale, ili mtu akichungulia aone kazi imefanyika. Nilitembea nayo kwapani kila mahali, hata kanisani. Watu waliponiuliza umeme unakuja lini, niliwajibu kwa sauti ya chini, "Suala hilo bado liko katika hatua za kiudhibiti." Sikujua maana yake, ila niliona linawanyamazisha.

Mke wangu alinikuta nikifanya mazoezi mbele ya kioo. Sisi wa huku r na l hutuchezea, nami niliogopa kuaibika mbele ya wageni. "Kuridhia," nilikuwa nasema. "Usafirishaji. Udhibiti."

"Kutamka umejifunza," aliniambia. "Kuelewa utajifunza lini?"

Nilimjibu kwamba mikataba si mambo ya jikoni. Chai ya siku hiyo niliikoroga mwenyewe.

Siku ya kikao nilivaa suti niliyofungia ndoa, ambayo kifungo chake cha tumboni kiliacha kufunga zamani. Ukumbi ulikuwa wa nyumba ya wageni, karibu na maegesho ya malori. Mbele walikaa mwanasheria wa mamlaka, ambaye ni dada mwenye sauti ya upole, na mhandisi wa kampuni. Sisi wa Kirushya tulikaa upande mmoja. Upande wa pili walikaa wakulima na wafugaji wa Kisukuma kutoka Kaniha, Biharamulo, pamoja na mkalimani wao, mama mwenye duka.

Mhandisi alifungua kwa kusema, "Mkataba huu ni wa kusafirisha umeme, si wa kuusambaza."

Tofauti ya maneno hayo mawili sikuwahi kuijua. Nilichukua neno la Kihangaza tunalolitumia kwa kupeleka ndizi sokoni, nikawaambia wazee kwamba umeme utabebwa mpaka kwetu. Lile la kusambaza niliona ni kurudia jambo lilelile, nikaliacha.

Wazee walipiga makofi. Mhandisi alifurahi, ingawa alionekana kushangaa kidogo.

Mzee mmoja akaniuliza kwa Kihangaza, "Utabebwa na magari gani? Njia ya kwetu mvua ikinyesha haipitiki."

Nilimgeukia mhandisi. "Wananchi wanauliza kuhusu miundombinu ya barabara."

"Barabara zitachongwa," alijibu, "ili malori ya vifaa yapite."

"Malori yatapita," nikawaambia wazee. Makofi tena. Mwingine akataka kujua kila nyumba itashushiwa kiasi gani. Nilikuwa bado natafuta Kiswahili kizuri cha swali hilo wakati yule mama mwenye duka aliposimama. Kumbe alizaliwa Ngara, akaolewa Kaniha.

"Samahani, mwalimu," alisema kwa adabu. "Umewaambia kwamba umeme unakuja kwa lori?"

Akaeleza kwa Kiswahili, halafu kwa Kisukuma. Kaniha walicheka kwanza. Halafu akaeleza kwa Kihangaza, na watu wangu nao wakacheka. Nilifunua kurasa za mkataba kana kwamba kosa lilikuwa la mpiga chapa.

Aliyekikata kile kicheko ni jirani yangu, bibi mmoja mjane mwenye shamba la migomba, ambaye mimi ndiye humsomea barua zake. Alisimama, na mwanasheria akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," alisema, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mwalimu akae, apumzike. Nimeelewa umeme unapita juu, hauteremki kwetu. Sasa waya ukikatika ukaanguka kwenye migomba yangu, nimwambie nani?"

Mhandisi alifunua kurasa kwa muda mrefu. Hatimaye alisoma kwamba taarifa ya hitilafu itatolewa kwa maandishi, kwa Kiingereza, katika ofisi ya kampuni Dar es Salaam.

"Na waya utanisubiri barua ifike?" bibi aliuliza.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwanasheria aliandika, kisha akaja kukitazama kifungu hicho katika nakala yangu. Ukurasa huo nilikuwa nimeupigia mistari miwili myekundu.

"Mwalimu, kumbe kifungu hiki ulikiona?"

"Nilikiona," nikasema. "Nikaona ni vyema bibi akisemee mwenyewe."

Mwanasheria alinishukuru. Nilipokea shukrani hizo nikiwa nimeinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Baada ya miezi kadhaa mkataba uliidhinishwa kwa masharti. Kampuni iweke kituo karibu, simu ipokelewe wakati wote na watu wanaojua Kihangaza na Kisukuma, na namba iandikwe kwenye kila mnara. Pamoja na taarifa hiyo ilikuja barua ya kunipongeza kwa "kuibua hoja ya usalama." Nilikaa nayo siku tatu, nikiisoma asubuhi na jioni. Siku ya nne nilishindwa kumtazama mjane tulipokutana njiani, nikampelekea.

Alikuwa anachambua maharage. Nilimsomea yote, kisha nikasema, "Bibi, pale ukumbini nilidanganya. Kifungu kile sikukijua kabisa."

"Najua. Nilikaa nyuma yako, niliona koti lilivyolowa jasho mgongoni." Aliendelea kuchambua. "Hao watakaopokea simu, Kihangaza chao ni cha kweli, au ni kama cha siku ile?"

Nilimwambia sijui. Akanisogezea ungo.

Minara sasa imesimama. Mwaka huu upepo uliezua bati la nyumba fulani, likanasa kwenye waya juu ya migomba yake. Bibi alipiga simu mwenyewe, akaeleza mwenyewe kwa Kihangaza, na mafundi wakafika kabla ya jioni. Mimi nilizipata habari hizo kesho yake, sokoni, kutoka kwa watu wengine.