Mke Mwenza Mwenye Kabureta

Leo nimekubali kwamba nina mke mwenza, na ni gari.

Lile kuukuu mume wangu aliloachiwa na baba yake. Baridi ya Tukuyu ikizidi, analifunika kwa blanketi langu.

Asubuhi mume wangu kainamia kabureta, bisibisi mkononi, kafumba macho, anasikiliza injini inavyounguruma. Mimi hajawahi kunisikiliza hivyo.

Nimesimama nyuma yake, kifua kinanibana tangu Jumapili. Nikakohoa.

"Mama Neema, umesikia? Bado linakohoa."

Akageuza skrubu ya kupunguza mafuta.

Nikakohoa tena. Akageuza tena.

Basi nikanogewa. Nimekohoa mpaka injini ikazima.

Sasa hivi gari haliwaki kabisa, amelisusa, na blanketi langu limerudi kitandani.

Nyie wenye waume, nimekosea?