Hakimu Niliyemfanya Refa

Jumanne, Machi 2004. Mvua tangu alfajiri, mtaa wetu wa Buyenzi wote ni tope na mafuta ya gereji.

Jirani yangu Mama Zaituni amerudi kutoka ukimbizini Kigoma, akakuta watu wengine ndani ya nyumba yake. Leo ilikuwa kesi, na mimi niliyeishia darasa la sita nikajitolea kumtafsiria Kifaransa cha mahakamani. Nilipanga maneno mapema: juge ni hakimu, témoin ni shahidi. Yalilingana vizuri, nikadhani na kazi zao zinalingana. Kigoma niliwahi kuona kesi: pande mbili ndizo zinaulizana, hakimu anasikiliza tu. Nikamwambia, "Hakimu ni refa, mama, hachezi mpira. Akikuuliza anakupima tu, nyamaza. Mi nitamuuliza shahidi wao."

Basi hakimu akamuuliza nani aliijenga nyumba. Kimya. Akarudia. Kimya. Wapinzani wakaanza kutabasamu. Nikasimama, nikamgeukia shahidi.

"We bwana, kaa!" Hakimu sasa alisema Kiswahili. "Hapa ninayeuliza ni mimi. Mama, kama huna la kusema, nafunga."

"Apana, muheshimiwa! Ninayo mengi!" Akaninyooshea kidole. "Ni huyu alinikataza. Anasema we ni refa."

Chumba kizima kilicheka, wapinzani pia, na siwezi kuwalaumu. Hakimu alijifuta macho.

"Refa anakusikiliza, mama. Anzia kwenye msingi."

Akaongea mpaka mvua ikakatika. Ijumaa hakimu atakuja kuiona nyumba mwenyewe.

Jioni tumekula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Mama Zaituni ndiye aliyezileta.