Mazabodi ya Nafasi Nne

Baba yangu hajawahi kuwasha kompyuta, lakini siku niliyokwenda kuchagua mazabodi mpya alivaa koti lake la mnadani akasema tunakwenda wote. Nilimwambia hakuna haja. Akasema mtu haendi kununua mnyama peke yake: muuzaji ana maneno, mnunuzi ana tamaa, lazima awepo wa tatu mwenye macho. Nikamwambia hiki si mnyama. Akasema, "Mayu, twende." Huniita mayu, yaani mama, kwa sababu nina jina la mama yake, na akishaniita hivyo ubishi wangu huwa umekwisha.

Nilikuwa nimerudi Bariadi kutoka Dar es Salaam mama alipofariki. Niliwaambia ndugu zangu kwamba nitakaa na mzee mpaka pamba ivunwe. Ikavunwa, ikapandwa nyingine, nayo ikavunwa, na mimi bado nilikuwa kwenye chumba cha mbele nachora ramani za nyumba. Kazi ilikuwapo. Watu wa huku wakiuza pamba au ng'ombe hujenga, na siku hizi hakuna anayekubali kuchorewa nyumba mchangani kwa kijiti. Anataka aione kwenye kioo cha kompyuta, na rangi ya bati, na gari ambalo bado hajalinunua limeegeshwa mbele. Tatizo ni kwamba kompyuta yangu ilikuwa imechoka. Nikiizungusha nyumba ili mteja aone upande wa jikoni, inaganda, feni inalia, na mteja aliyesafiri toka Lalago anabaki akitazama nusu ya nyumba yake kwa adabu.

Ugonjwa niliujua. Mazabodi, ule ubao ndani ya sipiyu, yaani kasha la kompyuta, ambao vitu vingine vyote huchomekwa juu yake, ilikuwa ya zamani mno. Haikukubali prosesa ya kisasa wala ramu ya kutosha. Prosesa nilikuwa nimeshaipata. Bodi ningeweza kuagiza Mwanza kwa picha za simu, ikaja na basi, lakini baba alipoonyeshwa zile picha alicheka sana. "Ng'ombe wa picha haugui," akasema.

Kuna jambo sikuwa nimemwambia. Rafiki yangu wa Dar mwenye ofisi ya wachora ramani alikuwa ameniwekea meza kuanzia mwaka unaofuata. Sikukubali na sikukataa, nilimjibu kwa lile neno letu la kukimbilia, "tutaona." Baba naye hakuniuliza. Kwetu mzee hamuulizi mtoto mzima kama anaondoka, maana ni kama kumfungulia mlango atoke. Akitaka kujua atauliza habari za mifugo: yule mtamba wako tumpeleke kwa baba mdogo kule Mwamapalala, au abaki hapa? Na mtoto hujibu kwa mtamba huyo huyo, kisha kila mtu anaendelea na kazi zake. Nimelelewa ndani ya maneno hayo, ila miaka ya Dar ilinifanya mzito wa kusikia.

Fundi wa kompyuta ana duka dogo karibu na stendi. Ni mtu wa makamo, kwao Mkula. "Mwangaluka, baba," akamwamkia, na hapo ikaanza salamu ya kweli: nyumbani, mvua, majani, ng'ombe, shingo ya yule jirani aliyeanguka na baiskeli. Mimi subira sikujaliwa. Nilisimama na begi langu begani nikihesabu feni zilizotundikwa ukutani mpaka walipomaliza.

Ndipo fundi akaweka bodi mbili mezani, za mtumba zote, safi. Moja ndogo, nyingine kubwa, na zote zilikubali prosesa yangu. Baba akainama. Akazigusa pembeni kwa kidole, akazinusa, akaigeuza ile kubwa na kuitazama tumboni.

"Huyu mdogo anakula nini?"

"Umeme tu, baba. Tena kidogo."

"Na mkubwa?"

"Huo huo umeme."

"Mtembeze."

Fundi hakucheka. Akachomeka waya za umeme, akaweka feni, feni ikazunguka. Baba akatega sikio karibu kabisa, kwa muda mrefu, na mimi nikawa naangalia mlangoni nisije nikaonekana na mtu anayenifahamu.

"Hizi nafasi ndefu ni za nini?"

"Za ramu, baba. Mdogo anazo mbili, mkubwa nne."

"Kwa hiyo mkubwa anaongezeka."

"Anaongezeka. Leo unaweka mbili, mwakani ukijaliwa unaongeza, mwaka wa tatu unaongeza tena. Huyu ni wa kukaa naye."

"Na mdogo?"

"Mdogo ulivyomnunua ndivyo alivyo."

Baba akanigeukia. "Mayu, chukua mkubwa."

Nikaanza kumfundisha. Nilichukua futi ya fundi, nikapima sipiyu yangu, nikamwonyesha kwamba bodi kubwa haiingii, itagonga ukuta wa bati kabla haijafika kwenye skrubu. Nilijiona nimeeleza vizuri.

"Ng'ombe wakizidi, zizi linapanuliwa," akasema. "Nunua sipiyu kubwa."

"Baba, ramu mbili zinanitosha."

"Mwakani je?"

"Zitanitosha."

"Na mwaka utakaofuata?"

Hapo nikapandisha sauti. "Sasa baba, ninunue nafasi za nini ambazo sitazitumia? Mwakani mwenyewe sijui hata kama hii mashine itakuwa..." Nikajizuia, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

Fundi alichukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Yeye alikuwa ameelewa tangu mwanzo. Mwenye macho haambiwi tazama, mimi niliambiwa mara nne na bado nikapima kwa futi. Watu wawili walikuwa wakizungumza juu ya maisha yangu, na mimi peke yangu nilikuwa nazungumzia kompyuta.

Baba aliirudisha ile bodi kubwa kwenye boksi lake kwa mikono miwili, polepole, akahakikisha haikwaruzwi. "Fundi," akasema, "mpe mdogo. Anabebeka."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejibu, maana hasira naijua. Palepale, mbele ya fundi, nikajifanya natafuta kitu ndani ya begi. Natamani niandike kwamba niliomba ile kubwa na sipiyu yake. Sikufanya hivyo. Nilimlipa fundi bodi ndogo, nikamwachia kazi ya kuifunga, akasema nipitie jioni. Baba akamshukuru, "Wabeja," akamtakia heri ya mifugo ya kwao.

Tukarudi kwa miguu kwa njia ya nyuma ya soko. Baba hutembea mbele, ni mwepesi kuliko mimi. Nilitaka kumweleza kwamba bodi ndogo si mbaya, kwamba nyumba za wateja zitazunguka bila kuganda. Nikayameza maneno hayo, yalikuwa ya kompyuta tu. Tulipita wauza mchele, tukapita wanaume waliokuwa wakipakia majembe kwenye toroli. Penye kona ya kuingilia kwetu akasimama, akaningoja nimfikie.

"Unaondoka?" akaniuliza.

Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia baba akiniuliza swali lisilo na ng'ombe ndani yake. Alikuwa ananitazama usoni, na nikaona kwamba ilimgharimu. Kama angeniuliza habari za mtamba ningekuwa na jibu, nilikuwa nimeliandaa wiki nzima.

"Sijui, baba," nikasema. "Wameniita. Kweli sijui."

Mabega yake yakashuka ndani ya lile koti.

"Afadhali," akasema. "Mimi nilidhani umeshajua."