Nyuki Wasio na Malkia

Katika ofisi ya sekta tulikuwa wanne: karani, mfugaji nyuki wa Busasamana na mzinga wake mtupu, mwalimu mstaafu wa Nengo, na mimi niliyefuata cheti.

Mwalimu alikuja kuuombea ukingo wa udongo ulio karibu na nyumba yake. Nyuki wachimbaji, ambao hajawaona kwingine, wanazalia humo, na kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, wa Jumamosi hii majirani wataupanda nyasi.

"Mama, mi nitawahamisha," alisema mfugaji, akiupiga mzinga kofi. "Nakamata malkia, wengine wanafuata."

"Hawana malkia, mwanangu. Kila jike ana shimo lake."

"Nyuki bila malkia? Basi iyo ni nzi tu."

Karani alicheka, kisha akashika kalamu. "Bon. Sehemu yao tutaiacha. Nani atatuonyesha?"

"Mimi. Nitasimama hapo tangu asubuhi."

Karani akaandika: mwalimu ataonyesha.

Tumezoea kumtunza aishiye na wenzake. Aishiye peke yake tunamletea mzinga. Nimeupitia ukingo ule mara tatu, na bado siwezi kutofautisha mashimo yao na yale ya mvua.

Mwalimu alifariki juzi, Alhamisi.