Damu ya Kulinganishia

Mume wangu ni mtu wa maabara, na watu wa maabara wana ugonjwa wao. Jirani akija kunisalimu, tukakaa tukacheka, yeye ameshamchungulia viganja na weupe wa macho. Mgeni hajafika hata kona ya kwanza, naambiwa, "Yule damu yake imepungua." Mimi nimeangalia mshono wa gauni, yeye ameangalia kucha. Hivyo ndivyo tunavyoishi, mimi na cherehani yangu, yeye na hadubini yake, na kazini wamembandika jina la Bwana Hadubini.

Ukitaka kumuuliza habari za damu, tafuta kwanza pa kukaa. Atakwambia kwamba upungufu wa damu ni jina la kijumla tu, na chini yake kuna visa vingi. Mashine huhesabu chembe ikakupa idadi, lakini haikupi kisa. Kwa hiyo yeye huchukua tone, akalikokota juu ya kioo chembamba mpaka likawa utando, akalitia rangi, akaangalia kwa jicho lake. Chembe nyekundu zikiwa ndogo na zimepauka, huenda mtu amepungukiwa madini ya chuma. Zikiwa kubwa kupita kiasi, anafikiria vitamini. Zikiwa zimejipinda kama mundu, basi mtu alizaliwa na hali hiyo, na ndugu zake nao wapimwe. Chembe nyeupe zikizidi, ama mwili unapigana na kitu, ama zenyewe zimeasi. Somo hili lote alinipa siku moja nikiwa na pini mdomoni, sikuweza hata kumwambia anyamaze.

Kila asubuhi, kabla ya kugusa damu ya mgonjwa yeyote, alianza na ya kwake. Ile rangi ya maabara ni kaidi. Ikikaa sana, au maji ya kusuuzia yakiharibika, chembe hutoka na sura isiyo yake na mtu asiye na neno akaonekana mgonjwa. Kwa hiyo wanatafuta damu ya mtu mwenye afya, wanaipaka kwanza, wakiona imetoka vizuri wanajua rangi iko sawa na kazi inaanza. Miaka na miaka damu hiyo ya kulinganishia ilikuwa ya mume wangu, na alijisikia kweli. "Hospitali nzima inapimwa kwa damu yangu," alikuwa akisema, nami nikimjibu kwamba ndiyo maana foleni haipungui.

Kisha ikaja asubuhi ambayo damu hiyo ilimgomea. Chembe nyeupe zilikuwa nyingi mno chini ya lenzi. Akamwaga rangi, akachanganya nyingine. Kesho yake mambo yakawa yaleyale, akabadilisha maji. Akasugua lenzi, akaagiza rangi kutoka kwa muuzaji mwingine, akagombana na mtu wa stoo ambaye hakuwa na kosa. Mtu mwingine angejishuku mwenyewe, yeye alishuku chupa. Mwishowe akamwomba dada anayefanya naye kazi amtolee tone lake, akavipaka vioo viwili pamoja, katika rangi ileile na maji yaleyale. Cha dada kilitoka safi. Cha kwake kilijaa chembe nyeupe, na nyingine zilikuwa changa, zile ambazo zilipaswa kuwa bado ndani ya uboho wa mifupa zikikua.

Hapo alijua. Lakini alitaka kulisikia kutoka kwa mtu asiyemwonea huruma, basi akakichomeka kile kioo kati ya vioo vya wagonjwa wanaosubiri jicho la daktari wa damu. Hakuandika jina, namba tu. Daktari huyo ni binti wa rika la mtoto wetu wa kwanza, na ni makini. Alipokiangalia hakukawia. "Huyu aitwe leo," alisema. "Inaelekea ni saratani ya damu, ile ya polepole. Ina dawa nzuri, mradi aanze kabla haijageuka kali." Mume wangu akaitika kwamba atamtafuta, akarudi kwenye kiti chake, na hakumtafuta.

Haya yote niliyajua baadaye. Wakati huo nilichokijua mimi ni suruali zake. Nilizipunguza kiunoni, zikakaa, kisha zikaanza tena kumvuka. Mto wake ukawa unaamka umelowa jasho. Mezani alikula matonge mawili matatu akasukuma sahani, akasema ameshiba, mtu ambaye zamani alikuwa akikwangua sufuria. Nikamwambia, "Baba, nenda ukapimwe." Akacheka. "Mimi nikapimwe na nani?" Nami, mjinga mimi, nikacheka naye.

Basi siku moja nikapeleka makoti meupe niliyowashonea watu wa maabara. Nilimkuta amejiinamia kwenye hadubini, dada yule akiosha vioo kwenye sinki. Nilikuwa bado nayafungua makoti daktari alipoingia. Aliniamkia kwa adabu, akauliza habari za nyumbani, kisha akamgeukia mume wangu.

"Baba, yule mgonjwa wetu umempata?"

"Bado, daktari. Simu yake haipatikani."

"Siku zinakwenda, baba. Mtu huyo sasa hivi atakuwa anakonda. Anatoka jasho usiku. Bandama imevimba inambana tumbo, akila kidogo tu ameshiba. Kwani nyumbani kwake hakuna mtu anayemwona?"

Nilimtazama mume wangu. Uongo hauwezi, tangu ujana wetu hauwezi, akijaribu macho yanamwangukia viatuni. Na wakati ule alikuwa anaviangalia viatu vyake kana kwamba amevivaa kwa mara ya kwanza. Nikaweka makoti juu ya meza, maana yangenidondoka.

"Anayemwona yupo, daktari," nikasema. "Mgonjwa wako ni huyu hapa."

Dada akafunga bomba. Daktari alitutazama kwa zamu, mimi, kisha yeye, na nikaona uso wake ukibadilika anapoelewa.

"Nilitaka kurudia kipimo kwanza," mume wangu akasema kwa sauti ndogo.

"Umekirudia mara ngapi, baba?"

Akaizima taa ya hadubini.

Tulipofika nyumbani nilifunga mlango nikammwagia yote. Nilimwambia watu asiowajua anawapigia simu majibu yakitoka tu, mimi mke wake ananiacha nikikata viuno vya suruali na kujipongeza kwa ufundi. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika. Aliniachia niseme mpaka pumzi ikaniishia.

"Nilikuwa naogopa, mama," akasema. "Nimekaa upande ule wa meza maisha yangu yote. Upande wa pili siujui."

Hasira ilikuwepo, sikatai, lakini kubwa zaidi ilikuwa hofu. Nilimpiga begani, na mkono uleule ukabaki pale pale ukimshikilia.

Daktari alisema zile siku zilizopotea zilikuwa na uzito. Kama ugonjwa ulikuwa bado unakwenda polepole, vidonge vingeuzuia. Kama alipokuwa akiuficha ulikuwa umeshageuka, hiyo ingekuwa safari nyingine, na hakutuficha kwamba ni ngumu. Kulijua hilo kulihitaji damu nyingine, kipimo cha vinasaba, na uboho uvutwe kwa sindano kutoka kwenye mfupa wa nyonga. Dada alipomfunga mpira mkononi, mume wangu akaanza kumwelekeza mshipa. "Bwana Hadubini," dada akamwambia, huku macho yamemjaa machozi, "leo funga mdomo." Akaufunga. Wakati wa sindano ya mfupa alinibana vidole mpaka pete ikaniacha alama, na sikuuondoa mkono.

Majibu yalipotoka tulikuwa kwenye benchi pamoja na watu wengine, mbele ya dirisha ambalo siku zote yeye alikuwa ndani yake. Hakujua aweke wapi mikono. Aliipakata, akaikunja, akaishusha. Dada hakuita jina, alitoka mwenyewe akatuletea bahasha, akarudi ndani haraka. Mume wangu aliipokea. Ilikuwa haijagundishwa vizuri, angeweza kuifungua kwa kidole kimoja na kusoma kila tarakimu kabla sijakaa sawa. Akanipa mimi.

"Nisomee."

"Mimi nasoma futi ya kupimia watu nguo," nikamwambia. "Hizi nitazisoma vipi?"

"Basi atatusomea daktari."

Tukaingia. Daktari alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, nami nikaona mabega yake yakishuka kidogo. Ugonjwa ulikuwa bado ule wa polepole. Angemeza kidonge kila siku, angepimwa damu mara kwa mara, na wako wanaoishi nao miaka mingi. Kisha akaanza kutueleza tangu mwanzo, uboho ni nini, chembe nyeupe hufanya kazi gani, kwa nini zile changa zilitoka kabla ya wakati wake. Nilingoja mume wangu amkatize. Namjua, asingeweza kusikiliza somo hilo akakaa kimya. Lakini alisikiliza, mikono juu ya magoti, mpaka daktari akamaliza na kuuliza kama tuna swali.

"Daktari," akasema, "nitaishi?"

Habari za ugonjwa ule alikuwa amezisoma zote, na wanafunzi amewafundisha. Aliuliza hivyo hivyo, kama mgonjwa mwingine yeyote, na daktari akasogeza kiti chake karibu, akamjibu.